Nabeba bastola na nina grini kadi: nichague mpango gani wa kunilipia wakili?

Msomaji wetu ni Mtanzania mwenye grini kadi anayeishi Dallas. Ni dereva wa lori, ana leseni ya Texas ya kubeba bastola, na safari zake nyingi huelekea magharibi: New Mexico, Arizona, mpaka Los Angeles. Ameletewa matangazo matatu ya mipango ya kumlipia wakili iwapo siku moja atalazimika kujihami kwa silaha. Anauliza kama mpango wenye dola milioni 2 ndio bora kuliko yote, kama bima ya nyumba aliyonayo haitoshi, na kama mke wake ataingia humo pia.

Ndugu yangu, hizo milioni 2 ziweke kando kwanza. Mara nyingi tarakimu kubwa kwenye tangazo ni kikomo cha fidia katika kesi ya madai, yaani pesa atakazolipwa aliyejeruhiwa, au familia yake, baada ya mahakama kuamua. Hicho ni kituo cha mwisho cha safari, na wengi hawafiki huko. Fedha zinaanza kutoka usiku uleule wa tukio: wakili wa kukufuata kituo cha polisi, kisha dhamana, kisha mpelelezi wa kujitegemea na mtaalamu wa risasi, kisha miezi ya maombi mahakamani, na pengine kesi kamili mbele ya jopo la wananchi. Wakili mzuri wa jinai anatoza mamia ya dola kwa saa, na kesi ya mauaji inayosikilizwa mpaka mwisho hupita dola 100,000 bila shida. Mpango unaoahidi milioni 2 za fidia lakini ukaweka kikomo kidogo kwa wakili wa jinai umekulinda mahali pasipo na hatari kubwa na kukuacha wazi penye hatari yenyewe.

Sisemi kesi ya madai ni mchezo. Bernhard Goetz aliwapiga risasi vijana wanne ndani ya treni ya New York mwaka 1984. Mwaka 1987 jopo lilimwondolea mashtaka ya kujaribu kuua, likamtia hatiani kwa kosa la silaha tu. Mwaka 1996 jopo jingine, la madai, likamwamuru amlipe mmoja wao dola milioni 43. Kushinda jinai hakufungi mlango wa madai, kwa sababu kipimo cha ushahidi si kimoja. Ila wewe unaishi Texas, na sheria ya huko (kifungu 83.001 cha sheria ya mashauri ya madai) inampa kinga dhidi ya fidia mtu ambaye nguvu aliyotumia ilikuwa halali chini ya sura ya 9 ya sheria ya jinai. Bado utahitaji wakili wa kuidai kinga hiyo mahakamani, na California hutaikuta kwa namna hiyohiyo. Kwa hiyo sehemu ya madai ina thamani yake. Ije tu baada ya jinai.

Sasa tazama unachouziwa hasa, maana kwa jina moja la "kinga ya mwenye bastola" kuna bidhaa za aina tofauti. Ya kwanza ni bima. USCCA, kwa mfano, ni chama cha wanachama. Kampuni ya bima inakiandikia chama mkataba mkuu, nawe unaingia humo kama mnufaika. Anayeamua ulipiwe au usilipiwe ni kampuni ya bima, kwa kufuata maandishi ya mkataba mkuu, wala si kijitabu cha rangi ulichotumiwa. Ya pili ni mkataba wa huduma za kisheria. U.S. LawShield, iliyoanzia Texas, iko kundi hili: unalipa kila mwezi, na siku ya tukio wakili wa mtandao wao anakutetea bila wewe kulipa kwa saa. Kwa kawaida aina hii haibebi fidia utakayoamriwa kulipa. Attorneys on Retainer ya Arizona inafanana nayo, ila hapo unaiajiri ofisi ya mawakili yenyewe mapema. Ya tatu ni mfuko wa wanachama, kama Armed Citizens' Legal Defense Network: michango inakusanywa, na viongozi wa mfuko ndio wanaopima ni kiasi gani kitolewe kwa kesi ya mwanachama.

Hakuna aina iliyo mbaya kwa asili yake. Zinatofautiana katika jambo moja linalopita yote: nani anaamua kwamba tukio lako lilikuwa kujihami, na anaamua lini. Hapa ndipo usome neno kwa neno. Mikataba mingine inalipa tangu mwanzo kwa sababu wewe unasema ulijihami. Mingine inampa mlipaji haki ya kuacha kulipa katikati ya njia akishaona ushahidi haukupendelei. Na mingine ina kipengele cha kurudisha: ukikutwa na hatia, au ukikiri kosa lolote ili kesi iishe, unadaiwa kurejesha walichokulipia. Kipengele hicho kinauma zaidi kuliko kinavyosomeka. Kesi nyingi za jinai Marekani haziishi kwa hukumu ya jopo. Zinaisha kwa maafikiano na mwendesha mashtaka. Mtu aliyeshtakiwa kwa shambulio la silaha hatari anaweza kupewa nafasi ya kukiri kosa dogo, na kwa mwingine hiyo ikawa njia ya busara. Kama kukiri huko kunakuzulia deni la dola 80,000, umebanwa pande zote mbili. Muulize muuzaji, kwa barua pepe, akujibu kwa maandishi: "Nikikiri kosa dogo, nitadaiwa kitu?" Jibu la simu halina uzito.

Karibu na hapo kuna swali la kikomo. Mkataba mmoja unasema gharama za wakili ziko nje ya kikomo, mwingine unasema zinakatwa humohumo. Kwa huo wa pili, kikomo cha dola 250,000 kikiliwa 200,000 na utetezi wa jinai, unabaki na 50,000 za kesi ya madai itakayofunguliwa mwaka mmoja baadaye. Uliza pia kama kikomo ni cha kila tukio au cha mwaka mzima, na kama kesi ikirudiwa kwa sababu jopo lilishindwa kukubaliana, au ikienda rufaa, wanaendelea kulipa. Rufaa huachwa nje mara nyingi, na tangazo halisemi.

Kwenye dhamana watu wengi wanapotezwa na hesabu. Dhamana ikiwekwa dola 250,000, kwa kawaida unakwenda kwa wakala wa dhamana, unampa karibu asilimia 10, yaani 25,000, na pesa hiyo hairudi hata ukiachiwa huru. Mpango mmoja unapoandika "dhamana dola 250,000" unaweza kumaanisha thamani ya dhamana yote, yaani watalipa ile ada ya 25,000. Mwingine unapoandika "dhamana dola 25,000" unaweza kumaanisha kitu hichohicho, au ukamaanisha kwamba watasaidia dhamana isiyozidi 25,000, yaani ada ya 2,500. Kabla ya kulinganisha, geuza zote ziwe ada. Na usidhani viwango vya mahakama ni vidogo au havibadiliki: katika kesi ya George Zimmerman huko Florida mwaka 2012, dhamana ilianza kwa dola 150,000, ikafutwa, kisha ikawekwa upya kwa dola milioni 1. Kwako wewe kuna la ziada, kwa sababu kila siku ya mahabusu ni siku ambayo lori halitembei na mshahara hauingii. Baadhi ya mipango hulipa kiasi fulani kwa kila siku unayokaa mahakamani, ni kidogo lakini kinasaidia kodi ya nyumba.

Tuje kwenye mambo yasiyolipiwa. Kila mkataba una ukurasa wake wa mambo haya, na wewe kama dereva usome huo kabla ya ukurasa wa faida. Cha kwanza kutafuta ni kazi. Mikataba kadhaa inaondoa matukio yanayotokea ukiwa kazini, hasa kwa walinzi na maaskari, lakini maneno mengine ni mapana kiasi cha kumkumba dereva aliyevamiwa kwenye maegesho ya kupumzikia saa nane za usiku. Kama lori ni la kampuni, kuna mtego wa pili: sheria ya kazi ya Texas inamruhusu mfanyakazi kuacha silaha ndani ya gari lake binafsi lililofungwa kwenye maegesho ya mwajiri, lakini haimlindi kwenye gari linalomilikiwa au kukodiwa na mwajiri. Kampuni ikikataza silaha kwenye lori, unaweza kupoteza kazi kwa tukio ambalo polisi wenyewe hawakuona kosa ndani yake. Hakuna mpango utakaokulipia hilo.

Kisha tafuta pombe. Wengine wanakataa kulipa ukiwa umelewa kisheria, wengine ukiwa na tone lolote. Bangi ni nzito zaidi, hata katika jimbo lililoihalalisha kama Arizona au California, kwa sababu sheria ya shirikisho inamkataza mtumiaji wa bangi kumiliki silaha, na mtu asiye na haki ya kumiliki hana mkataba wa kumlinda. Tafuta matukio ya ndani ya familia. Mipango mingi inayaacha nje kabisa, au inalipa tu pale palipokuwa na amri ya mahakama ya kumzuia mhusika asikukaribie. Tafuta kama risasi ikikuponyoka kwa bahati mbaya inahesabika. Na tafuta neno la kutoa silaha bila kufyatua, kwa sababu hilo ndilo linaloelekea kukukuta kuliko kupiga risasi. Huko Texas kumwelekezea mtu bastola kunaweza kufungua shtaka la mwenendo wa kuhatarisha maisha, ingawa kifungu 9.04 kinasema kuonyesha silaha kwa kutisha tu, pale ambapo nguvu ingehalalika, si kutumia nguvu ya kuua. Mpango unaoanza kulipa risasi inapotoka tu haukufai.

Mahali palipokatazwa panahitaji uangalifu wa pekee kwa mtu wa safari. Texas iliruhusu kubeba bastola bila leseni tangu Septemba 1, 2021, na wengi wakaacha kuomba leseni. Wewe usiiache yako. Inagharimu dola 40, inatambuliwa New Mexico, na ndani ya Texas inakupa nafuu katika sheria ya shirikisho ya maeneo ya shule, ambayo inafika futi 1,000 kuzunguka kila shule. Barabara za mjini zinapita humo kila siku. California haiitambui. Kabla ya kuvuka mto Colorado kutoka Ehrenberg kuingia Blythe, bastola inapaswa kuwa haina risasi na imefungwa ndani ya chombo chenye kufuli, mbali na mkono wako. Ukikutwa umeibeba kiunoni upande wa pili, umepoteza vitu viwili kwa pamoja. Mkataba wako karibu hakika unasema unalipia mtu aliyekuwa na silaha kihalali. Na hoja yako ya kujihami inadhoofika: hata Texas kwenyewe, sheria inayokuondolea wajibu wa kurudi nyuma inamtaka mtu awe hafanyi kosa la jinai wakati huo.

Majimbo yenyewe pia yana msimamo juu ya mipango hii. Mwaka 2018 New York iliwatoza wakala wa bima Lockton dola milioni 7 na kampuni ya Chubb dola milioni 1.3 kwa sababu ya mpango wa Carry Guard uliouzwa kwa jina la NRA, chama cha wamiliki wa silaha, kwa hoja kwamba sheria ya jimbo hairuhusu bima ya kitendo cha makusudi cha aina hiyo. California nayo ina kifungu 533 cha sheria ya bima, kinachoiondolea kampuni ya bima wajibu wa kulipa hasara iliyosababishwa na kitendo cha makusudi cha mteja. Ndiyo maana mkataba uleule unaweza kuwa na karatasi ya nyongeza kwa kila jimbo. Omba ya Texas, omba ya California, uzisome zote mbili.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hukuliuliza, nami nalihesabu kuwa zito kuliko yote kwako: grini kadi yako.

Mikataba hii imeandikwa kwa ajili ya raia. Inafikiria mahakama mbili, ya jinai na ya madai. Kwako iko ya tatu, ya uhamiaji, na huko serikali haimpi mtu wakili wa bure. Sheria ya uhamiaji inasema mgeni yeyote aliyetiwa hatiani kwa kununua, kumiliki, kubeba au kutumia silaha kinyume cha sheria anaweza kuondolewa nchini, wakati wowote baada ya kuingia, hata awe ameishi miaka 20 na watoto wake wote ni raia. Si lazima awe amempiga mtu risasi. Kubeba tu, mahali pasiporuhusiwa, kunaweza kutosha. Hiyo bastola ya kiunoni pale Blythe si faini kwako, ni makazi yako.

Kuna zaidi. Texas ina utaratibu wa kuahirisha hukumu: unakiri kosa, unawekwa chini ya uangalizi, ukimaliza salama kesi inafutwa bila hatia kuandikwa. Kwa raia ni nafuu kubwa, na wakili asiyejua uhamiaji atakupongeza kwa kuipata. Kwa uhamiaji, kukiri pamoja na adhabu yoyote au kizuizi chochote ni kutiwa hatiani. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 2010, katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, kwamba wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja mgeni athari za kukiri. Jose Padilla mwenyewe alikuwa dereva wa lori mwenye grini kadi, ameishi Marekani zaidi ya miaka 40 na kupigana Vietnam, na wakili wake alikuwa amemwambia asiwe na wasiwasi.

Kwa hiyo mpango wako uwe na mambo mawili ambayo jirani yako raia anaweza kuyaruka. Kwanza, haki ya kuchagua wakili mwenyewe, au angalau kumwongeza wa pili. Pili, ruhusa ya kutumia fedha za utetezi kumlipa mtaalamu wa uhamiaji amshauri wakili wa jinai kabla hujakubali chochote. Uliza kwa maandishi. Wakikataa, si lazima uuache mpango huo, lakini ujue pengo hilo utalijaza kwa mfuko wako, uanze kuweka akiba.

Bima ya nyumba uliyoitaja ina thamani kuliko watu wanavyodhani, na kasoro moja kubwa. Fomu ya kawaida ya bima ya nyumba Marekani haimlipii mtu madhara aliyoyakusudia, lakini toleo linalotumika sana linaweka nafuu: katazo hilo halihusu majeraha yaliyotokana na nguvu ya kiasi iliyotumika kulinda watu au mali. Fungua mkataba wako, sehemu ya dhima, ulitafute sharti hilo, kwa sababu kampuni nyingine zinaliondoa. Kama lipo, tayari una wakili wa kesi ya madai na pengine dola 300,000 za fidia, na kwa bima ya nyongeza juu yake unaweza kufika milioni 1 kwa bei ya kawaida. Kasoro ni kwamba haitoi hata senti kwa kesi ya jinai. Ukiyajua haya, utaona hizo milioni 2 za tangazo zinaweza kuwa kitu ambacho sehemu yake umeshakinunua.

Ningekuwa nachagua kwa hali yako, ningechukua mkataba wa huduma za kisheria usio na kikomo cha gharama za utetezi wa jinai, unaolipa tangu saa ya kwanza, usio na kipengele cha kurudisha, unaofanya kazi majimbo yote unayopita, na ningelipia nyongeza ya dhamana na ya wataalamu kama haimo. Upande wa madai ningeuachia bima ya nyumba na nyongeza yake. Mipango hii kwa kawaida inaangukia kati ya dola 10 na 50 kwa mwezi, kwa hiyo tofauti ya bei isikuendeshe. Kabla ya kusaini, lipia saa moja ya wakili wa Dallas anayejua jinai na uhamiaji pamoja, mpelekee mikataba miwili uliyobakiza, na uhifadhi namba yake. Huyo ndiye utakayemtaja siku ikifika.

Siku hiyo, piga 911, sema wewe ndiye uliyeshambuliwa, uko wapi, kuna aliyejeruhiwa, tuma gari la wagonjwa. Onyesha polisi mashahidi na silaha ya mshambuliaji kama ipo. Halafu sema waziwazi kwa Kiingereza kwamba unatumia haki yako ya kunyamaza na unataka wakili. Kunyamaza tu hakutoshi. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2013, katika kesi iliyotoka Texas, kwamba haki hiyo lazima itamkwe. Ukipiga namba ya dharura ya mpango, anayepokea si lazima awe wakili, na simu za mahabusu zinarekodiwa. Mpe jina, namba ya uanachama na kituo ulichopelekwa. Habari ya tukio usimwambie, wala mke wako usimwambie kwa simu hiyo, hata kwa Kiswahili.

Mke wako hataingia kwa kuwa mmeoana tu. Mipango mingine inamweka bure akiwa nyumbani kwenu tu, mingine inataka ada yake kila mwezi. Muongeze kwa jina. Na kama na yeye hajawa raia, uliza kuhusu hali yake peke yake: mwenye viza ya muda, ya masomo au ya kutembelea, kwa kawaida haruhusiwi na sheria ya shirikisho kumiliki silaha wala risasi, isipokuwa kwa nafuu chache kama leseni ya uwindaji. Katika hali hiyo hakuna mkataba utakaomlipia, na bastola iliyoachwa kwenye droo yenu anayoifikia yeye inaweza kuhesabiwa kuwa iko mikononi mwake. Kabla hujamwandika kwenye mpango, nunua kwanza kasha la kufuli, ufunguo ubaki kwako.